Kizuri hakijiuzi: barua ya wazi kwa kamati za tuzo za hisabati

Kwa wenyeviti na wajumbe wa kamati zinazotoa tuzo za hisabati, popote mlipo.

YAH: NAMNA MNAVYOPOKEA MAPENDEKEZO

Waheshimiwa,

Poleni na kazi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenu methali hiyo imegonga mwamba. Mtafiti haruhusiwi kujipendekeza mwenyewe: kanuni za Tuzo ya Abel zinakataa, za Nishani ya Fields zinakataa, nazo ni miongoni mwa tuzo kubwa kabisa za hisabati, na tuzo nyingine nyingi zimefuata mkondo huo huo. Kazi yake nayo haina miguu ya kutoka kwenye jarida ikaja mezani kwenu. Lazima apatikane mtu wa tatu aliyeisoma, akaielewa, akapata muda wa kuiandikia, na akajua mlango wa kubisha ni upi. Huyo ndiye mpendekezaji, na barua hii imeandikwa na mmoja wao.

Hoja yangu nitaisema mapema ili mwenye haraka asisumbuke. Siku mnayokaa kikao mnachagua miongoni mwa majina yaliyofika. Majina yapi yafike, hilo limeshaamuliwa zamani na fomu yenu, tarehe yenu ya mwisho, umri mliouweka, na orodha ya watu mliowaandikia kuwaomba mapendekezo. Mambo hayo mnayaacha mikononi mwa sekretarieti, kana kwamba ni shughuli ya karatasi tu. Kwa maoni yangu nusu ya uamuzi wenu inafanyika hapo, na inafanyika bila ninyi kuwepo.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 1882 Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza shindano la tuzo yake kubwa ya hisabati. Swali lilihusu njia ambazo namba nzima inaweza kuandikwa kama jumla ya namba tano za mraba. Henry Smith, profesa wa Oxford, alipoliona alishangaa, maana jibu alishalichapisha tangu 1867 huko huko Uingereza, na waliotunga swali hawakuwa na habari. Ikabidi amwandikie Charles Hermite, mwanahisabati wa Akademia hiyo, kumweleza, kisha akashauriwa aandae uthibitisho kamili na kuuwasilisha kama mshindani mwingine yeyote. Alifariki Februari 1883, kabla matokeo hayajatangazwa. Tuzo ikagawanywa kati yake na kijana wa miaka 18 aliyeitwa Hermann Minkowski. Hermite na wenzake walikuwa magwiji wa zama zao, na kazi waliyokuwa wanaitafuta ilikuwa imekaa kwenye chapisho la nchi jirani kwa miaka 15. Ikiwa wao iliwapita, kamati ya leo, yenye makala maelfu kwa maelfu yanayotoka kila mwaka, haiwezi kusema inajua nani yupo na nani hayupo. Inategemea kuambiwa.

Sasa nije kwangu. Ninaye mtafiti ninayempendekeza. Simtaji hapa, kwa sababu tuzo nyingi zinataka pendekezo liwe siri hata kwa mpendekezwa mwenyewe, na kanuni hiyo naiunga mkono. Anayejua kwamba jina lake limepelekwa ataishi akihesabu miezi, na asipopata atajiona ameshindwa, kumbe mwaka huo walistahili watano na nafasi ilikuwa moja. Nitasema tu yale yanayohusu fomu. Makala zake ni chache. Katikati kuna pengo la miaka ambayo alikuwa akilea na kuuguza. Hajawahi kuajiriwa na chuo ambacho jina lake likitajwa watu hukaa sawa kwenye viti. Ana uthibitisho mmoja ambao wataalamu wa eneo lake wanautumia mara kwa mara, wengine bila hata kumtaja, kwa sababu umeshageuka kuwa jambo ambalo kila mtu wa eneo hilo analijua.

Fomu ya tuzo moja, ambayo haina haja ya kutajwa, ilinipa maneno 250 ya kueleza kazi hiyo. Chini yake kulikuwa na visanduku vya idadi ya makala, idadi ya nukuu (mara ambazo kazi zake zimetajwa na wengine), fahirisi ya h (kipimo kinachochanganya makala na nukuu), ruzuku alizopata, mihadhara aliyoalikwa na tuzo alizowahi kushinda. Hicho cha tuzo za awali hakikuwa na kikomo cha maneno. Maana yake ni kwamba kueleza alichofanya nilipewa aya moja, na kueleza waliompongeza kabla yenu ningeweza kujaza kurasa, kama wangekuwepo.

Ili nisionekane navutia upande wangu, nitachukua mfano ambao hakuna anayeubishia. Machi 2016 Maryna Viazovska, mwanahisabati wa Ukraine aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliweka mtandaoni makala ya kurasa 23. Swali lake ni la zamani. Ukiwa na matufe ya ukubwa mmoja, ni mpangilio gani unaojaza nafasi kuliko mwingine wowote? Katika vipimo vitatu, yaani nafasi hii tunayoishi, Johannes Kepler alikisia jibu mwaka 1611, na ilichukua hadi 1998 ndipo Thomas Hales akatangaza uthibitisho, wenye mamia ya kurasa na hesabu za kompyuta zisizo na mwisho. Viazovska alishughulikia vipimo vinane. Kabla yake Henry Cohn na Noam Elkies walishaonyesha, mwaka 2003, kwamba ikipatikana funksheni moja yenye sifa fulani, swali la vipimo vinane litakwisha. Hesabu za kompyuta ziliashiria kwa kila namna kwamba funksheni hiyo ipo. Hakuna aliyeweza kuiandika. Yeye aliiandika, tena kwa kutumia zana za nadharia ya namba ambazo wengi hawakutegemea kuzikuta mahali hapo. Mpangilio unaoitwa E8 hujaza takriban asilimia 25.4 ya nafasi, na tangu siku ile tunajua kwamba hakuna utakaoupita. Wiki moja baadaye, pamoja na wenzake wanne, akamaliza na vipimo 24.

Niambieni, hilo linaingia kwenye kisanduku gani? Ukihesabu ni makala moja, kurasa 23, mwandishi mmoja. Lakini aya niliyoandika hapo juu imebeba pendekezo zima: nini kilikuwa hakijulikani, nani alifika wapi akakwama, yeye alifanya nini, na mlango upi ulifunguka baada yake. Aliyeisoma na kuielewa hahitaji fahirisi ya h, na ambaye hakuielewa fahirisi haitamsaidia. Viazovska alipokea Nishani ya Fields mwaka 2022 mjini Helsinki, kwa hiyo hapo mfumo ulifanya kazi yake. Ninachoomba ni fomu ambayo ingeniruhusu kuandika aya ya namna hiyo kuhusu mtu ambaye hamjamsikia bado.

Wala haya ya kuhesabu hamjaanza kuonywa leo. Mwaka 2008 Umoja wa Kimataifa wa Hisabati, pamoja na vyama viwili vya hisabati tumizi na takwimu, ulitoa ripoti nzima kuhusu matumizi mabaya ya takwimu za nukuu. Mwaka 2023 kampuni ya Clarivate, ambayo hutoa kila mwaka orodha ya watafiti wanaonukuliwa sana duniani, iliiondoa hisabati kwenye orodha hiyo. Fani yetu ina makala chache na nukuu chache, hivyo mwenye nia ya kuzichakachua hahitaji jitihada kubwa. Sasa kama mwenye mizani mwenyewe amekiri kwamba imechezewa na kuiweka kando, mnunuzi anayeendelea kuitumia anatafuta nini?

Kuna na hili dogo, linaloumiza watu bila mtu yeyote kukusudia. Katika hisabati majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti. Katika sayansi nyingi nyingine jina la kwanza ndilo la mwenye kazi. Tuzo zenye majaji kutoka fani mchanganyiko zipo, na jaji wa namna hiyo akimwona mtu ambaye jina lake liko la tatu au la nne katika kila makala, atadhani ni msaidizi wa maabara. Sentensi moja katika mwongozo wa majaji ingemaliza tatizo hilo. Nimewahi kuiandika mimi ndani ya pendekezo, ikala maneno yangu katika yale 250.

Fomu zinazodai makala bora zilizochapishwa katika majarida makubwa nazo zina kasoro yake. Uthibitisho wa Grigori Perelman, mwanahisabati wa Urusi, wa dhana ya Poincaré, swali maarufu kuhusu maumbo, ulikuwa katika makala tatu alizoziweka mtandaoni kati ya Novemba 2002 na Julai 2003, na hakuzipeleka kwenye jarida lolote. Kamati ya Nishani ya Fields ya 2006 ilimtunuku hata hivyo. (Aliikataa nishani, na baadaye akakataa pia dola milioni moja za Taasisi ya Clay. Hayo ni yake.) Kamati ile ilisoma kazi yenyewe. Mpendekezaji akitumia fomu ninazoziona siku hizi, angelazimika kuandika kwenye kisanduku cha majarida kwamba hakuna.

Niende kwenye barua za kuunga mkono, maana hapa ndipo penye kidonda.

Tuzo nyingi zinamtaka mpendekezaji alete barua tatu, nne, hata tano, kutoka kwa wataalamu mashuhuri, ikiwezekana wa nchi tofauti. Kwa mtu aliye katika idara kubwa, yenye wageni wanaopita kila wiki, hilo si kazi. Anawapata wote kwenye korido moja. Aliye peke yake katika eneo lake la utafiti, ndani ya idara ambayo kila mhadhiri anabeba vipindi vya watu wawili, anaanza kuwaandikia watu wasiomjua na kuwaomba watumie wikendi yao kumsifu mtu wasiyemjua. Wengine hujibu kwa wema mkubwa. Wengine hawajibu. Tarehe ya mwisho haingoji. Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1968 akitumia maneno ya Injili ya Mathayo, kwamba mwenye nacho ataongezewa. Barua za watu mashuhuri huenda kwa wale ambao tayari wanafahamiana na watu mashuhuri.

Kisha zikifika, hazilingani. Wapo wasomi waliolelewa katika desturi ya kusifu kwa sauti ya juu, ambao kila mwanafunzi wao ni wa pekee katika kizazi chake. Wapo waliolelewa kwingine, ambao wakisema kazi ni nzuri wamemaanisha kwamba wao wenyewe wangetamani kuwa wameifanya. Jaji anayezisoma barua hizo mbili mfululizo, usiku, akiwa na nyingine arobaini mbele yake, ataona ya kwanza inawaka na ya pili imepoa. Nimesoma barua za aina zote mbili kuhusu watu ninaofahamu kazi zao, na mara nyingi kilemba cha ukoka kilikuwa kikubwa pale ambapo kichwa kilikuwa kidogo.

Tuzo ya Abel ina utaratibu ninaoupenda zaidi. Mtu yeyote anaweza kupendekeza. Anaandika maelezo ya kazi na athari zake, na anaorodhesha wataalamu ambao kamati inaweza kuwatafuta ikihitaji maoni huru. Mzigo wa kuwafikia wataalamu hao unabaki kwa kamati, yenye anwani, yenye heshima, na ambayo barua yake haiachwi bila kujibiwa. Tuzo ndogo zinazosema hazina uwezo wa kufanya hivyo zifikirie mpendekezaji ana uwezo kiasi gani.

Msomaji mmoja makini anaweza kufanya kazi ya barua kumi. Januari 1913 mwanahisabati G. H. Hardy alipokea huko Cambridge kifurushi kutoka kwa karani wa ofisi ya bandari ya Madras, India, aliyejitambulisha kwamba analipwa pauni 20 kwa mwaka na hana elimu ya chuo kikuu. Wanahisabati wengine wa Cambridge walishaandikiwa kabla yake na hawakufanya lolote. Hardy alikaa na mwenzake J. E. Littlewood wakazipitia fomyula, wakaona kwamba baadhi ni za kweli, baadhi ni mpya, na baadhi hakuna mtu ambaye angeweza kuzibuni kama si za kweli. Mwaka 1918 karani huyo, Srinivasa Ramanujan, alikuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza. Mwaka 1920 alikuwa amekufa, akiwa na miaka 32.

Tuzo yenye jina lake ipo tangu 2005, inatolewa na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, kwa watafiti wenye umri chini ya miaka 45 wanaofanya kazi katika nchi zinazoendelea. Mwaka 2011 ilikwenda kwa Philibert Nang wa Gabon. Mwaka 2022 ilikwenda kwa Mouhamed Moustapha Fall wa Senegal. Hawa hawakuanza kufanya hisabati siku mlango ulipochongwa. Walikuwa wanaifanya siku zote, na palipowekwa utaratibu wa kuwauliza watu wanaowajua, majina yakaja. Wenye tuzo nyingine wakiniambia kwamba wangependa kupokea mapendekezo kutoka pande zote za dunia ila hayaletwi, huwa nawauliza waliyaomba kwa nani. Jibu mara nyingi ni waliowahi kushinda, na waliowahi kukaa kwenye kamati. Kwa utaratibu huo duara halitapanuka.

Kuhusu umri sitachukua muda mrefu. Nishani ya Fields ina sababu yake. John Charles Fields aliitaka iwe pongezi kwa yaliyofanyika na pia chachu ya yatakayofuata, na kikomo cha miaka 40 kimetokana na nia hiyo. Sitaki kuivunja. Andrew Wiles alipomaliza kuthibitisha Nadharia ya Mwisho ya Fermat, swali la kale la hisabati, alishapita umri huo, akapewa sahani maalumu ya fedha mwaka 1998, na dunia haikuanguka. Yitang Zhang alikuwa mhadhiri asiyejulikana, mwenye umri wa zaidi ya miaka 55, alipothibitisha mwaka 2013 kwamba ziko jozi zisizo na mwisho za namba tasa ambazo tofauti yake haizidi milioni 70. Leo tofauti hiyo imeshushwa hadi 246 kwa kazi ya wengine waliomfuata. Tuzo alipata, lakini zile tu ambazo hazikuuliza alizaliwa lini.

Shida yangu ni na tuzo zilizonakili kikomo, 40 au 35 au 30, bila kunakili sababu. Jumuiya ya Hisabati ya Ulaya imeweka miaka 35 kwa tuzo yake ya vijana, lakini inaruhusu hadi miaka mitatu ya nyongeza kwa mtu ambaye safari yake ya utafiti ilikatika. Miaka mitatu ni michache kwa mtafiti wangu, lakini ni kitu. Hesabuni tangu shahada ya uzamivu badala ya tangu kuzaliwa, mkitoa miaka ya uzazi, ugonjwa, kuuguza na vita. Na mtu asilazimishwe kusimulia maisha yake yote ili apewe miaka hiyo. Itoshe mpendekezaji kuweka idadi, na kamati kuthibitisha kimya kimya.

Jambo la mwisho ni kupotea kwa mafaili, na hapa mna historia inayowahusu moja kwa moja. Mwaka 1826 Niels Henrik Abel, kijana wa Norway mwenye miaka 24, aliwasilisha andiko lake kubwa kwa Akademia ya Paris. Wakaguzi walioteuliwa walikuwa Legendre na Cauchy. Cauchy aliliweka kando. Abel alirudi kwao bila jibu na akafa kwa kifua kikuu tarehe 6 Aprili 1829. Andiko lilichapishwa mwaka 1841. Mwaka 1830 Évariste Galois aliwasilisha kazi yake kwa ajili ya tuzo kubwa ya Akademia hiyo hiyo. Faili likakabidhiwa kwa katibu, Joseph Fourier, ambaye alifariki Mei mwaka huo, na kazi ya Galois haikuonekana tena katika karatasi zake. Tuzo ya mwaka huo walipewa Jacobi na Abel, Abel akiwa kaburini. Galois alikufa mwaka 1832, hajafika miaka 21.

Siku hizi hakuna anayepoteza karatasi, kila kitu ni faili la kompyuta. Lakini nimewahi kutuma pendekezo kwa tuzo moja na sikupata hata ujumbe wa kusema limefika. Mwaka uliofuata niliambiwa kwamba mapendekezo hayahamishwi, nianze upya, na barua ziwe na tarehe mpya. Wale walioandika kwa hisani yao ilibidi niwarudie kuwaomba wabadilishe tarehe juu ya maneno yale yale. Mmoja alikuwa ameshastaafu na hakutaka tena kuandika barua kwa mtu yeyote. Uthibitisho wa mtafiti wangu haukuwa umechakaa katika miezi hiyo 12. Uthibitisho wa hisabati hauchakai, na hilo mnalijua kuliko mimi.

Wekeni pendekezo hai kwa duru mbili au tatu, mpendekezaji akiwa na ruhusa ya kuongeza ukurasa mmoja ikiwa kuna jipya. Faida itakuwa yenu pia. Kamati inayobadilika wajumbe kila mara itarithi mafaili yaliyoiva badala ya kuanza na sahani tupu.

Ukurasa wa kwanza wa pendekezo ungeweza kusomwa bila jina la chuo na bila orodha ya tuzo. Najua mtaniambia kwamba dunia ya hisabati ni ndogo na jaji atatambua kazi ni ya nani. Kwa walio maarufu, ndiyo. Kwa asiyejulikana, jaji ataanza na hoja badala ya anwani, na hilo linatosha. Akademia ya Paris, pamoja na makosa yake yote, ilikuwa na mashindano ambayo kazi ziliwasilishwa bila jina, zikiwa na kaulimbiu tu, na jina likiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Mwaka 1888 majaji wa Tuzo ya Bordin walivutiwa sana na kazi moja kuhusu mzunguko wa kitu kigumu kinachozunguka nukta moja isiyosogea, kiasi kwamba kiasi cha tuzo kikapandishwa kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Kazi hiyo ilikuwa ya Sofya Kovalevskaya, katika zama ambazo vyuo vikuu vingi vya Ulaya visingemruhusu mwanamke kuketi darasani.

Na tangazeni takwimu za mapendekezo. Majina yabaki siri kwa miaka mtakayoona inafaa. Semeni tu yalifika mangapi, yalitoka maeneo gani ya dunia, wangapi walikuwa wanawake, wangapi walipendekezwa kwa mara ya kwanza. Kufikia 2022 Nishani ya Fields ilikuwa imetolewa kwa watu 64, na wanawake kati yao walikuwa wawili, Maryam Mirzakhani mwaka 2014 na Viazovska. Tuzo ya Abel, tangu 2003 hadi 2025, ilikuwa imempa mwanamke mmoja, Karen Uhlenbeck, mwaka 2019. Kila idadi hizo zikitajwa mabishano yanaanza upya: kamati zinasema zinachagua kutoka kwenye yaliyoletwa, na wapendekezaji wanasema hakuna haja ya kuleta kwa sababu matokeo yanajulikana. Takwimu za mapendekezo zingeonyesha ni upande upi wa kurekebishwa kwanza. Bila hizo tutaendelea kurushiana mpira.

Wenzangu nao hawajasalimika. Wakuu wa idara wengi ninaowafahamu hawajawahi kupendekeza mtu yeyote kwa tuzo yoyote, na ukiwauliza watakwambia kwamba fulani anajulikana, bila shaka wengine watampendekeza. Kila mmoja akidhani hivyo, fulani hapendekezwi na mtu. Lakini wao hamuwezi kuwaamuru. Fomu ni yenu.

Duru ijayo ya mapendekezo ikifunguliwa nitampeleka mtafiti yule yule, kwa kazi ile ile. Ikiwa mtakuwa mmebadilisha kitu kimoja tu katika haya, naomba kiwe kisanduku cha maelezo ya kazi: kipeni kurasa mbili, na kile cha tuzo za awali kipeni mstari mmoja. Na naomba nijulishwe kwamba faili limefika.

Wenu katika kazi,
Mpendekezaji